Bibi yetu alizaliwa mwaka gani? Fundi wa kaburi anasubiri

Mjukuu wa Ndanda

Wakuu, habari za humu. Naomba mnisaidie akili, maana za ukoo zimegongana.

Bibi yetu mzaa mama ametutoka Machi 2025, kule nyumbani njia ya Ndanda, katikati ya Nyangao na Masasi. Hakulala kitandani muda mrefu. Alianza kukataa uji, akawa anamwita kila anayeingia kwa jina la mtu aliyekwisha kufa, kisha akaondoka. Tumemzika, tumeanua tanga, sasa tunajengea kaburi na fundi anataka maandishi. Jina tunalo, tarehe ya kufa tunayo. Mwaka wa kuzaliwa ndio ugomvi.

Mjomba mkubwa anashikilia 1914, kwa sababu bibi "alibebwa mgongoni vita ya Mahiwa". Kitambulisho chake kinasema 1926. Kadi ya hospitali inasema 1931, na nadhani aliyeiandika alimtazama tu usoni akakisia. Mama yangu amechoka, anasema andikeni "alizaliwa zamani" yaishe.

Bibi hakusoma. Fedha alizihesabu kuliko mimi mwenye cheti cha uhasibu, ila miaka hakuihesabu, aliitaja. Kulikuwa na mwaka wa kimbunga, miaka ya karanga, mwaka wa kuhamishwa. Ukimuuliza mama yangu alizaliwa lini, anakujibu, "Kimbunga kilipoezua nyumba nilikuwa sijatoka arobaini ya huyu." Basi, umeshajibiwa.

Babu alifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza, Nachingwea, kwanza kwenye matrekta, baadaye kwenye reli. Hicho ndicho kisa bibi alichokipenda kuliko vyote: "Wazungu wakaleta gari moshi, wakapata hasara, wakaja wakang'oa mpaka reli yenyewe." Akifika kwenye "wakang'oa" alikuwa anapiga viganja mara mbili kama mtu anayekung'uta unga, halafu anakutazama uone kama umeelewa jinsi watu wenye akili wanavyoweza kuwa wajinga.

Wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vipya, alipandishwa lori na mlango. Namaanisha mlango wa nyumba. Aliambiwa achukue vyombo, akachukua vyombo, kisha akarudi na kuung'oa mlango ambao babu aliuchonga kwa mbao za reli, akakataa kupanda mpaka upande nao. Upo hadi leo kwenye nyumba aliyofia. Ni mfupi kuliko fremu, kuna uwazi juu wa kupitisha kuku.

Utotoni, kwa maneno yake, alivaa shingoni hela yenye tundu ya Mjerumani, na ilikuwa haitumiki tena kununulia kitu.

Alibatizwa ukubwani, karibu na kuolewa, kwa hiyo kitabu cha ubatizo hakina siku ya kuzaliwa. Nani humu ameshapata kutafuta mwaka wa mzee wa namna hii? Mnaanzia wapi?

---

Kaka wa Temeke

Pole kwa msiba mkuu. Andika 1926. Ndiyo serikali inayoijua. Mengine ni ya kusimuliana kwenye kahawa.

---

Mwalimu Mstaafu

Pole sana mjukuu wangu, Mungu amlaze pema bibi yako.

Nimefundisha shule za msingi za Lindi na Mtwara mpaka nikastaafu, na zamani walimu ndio tuliokuwa makarani wa sensa. Mwaka 1988 nilipangiwa vitongoji vyenye wazee watupu. Tulitumia kalenda ya matukio, yaani orodha ya mambo makubwa ya nchi na ya wilaya pamoja na miaka yake. Mzee akisema hajui umri wake, unamuuliza taratibu: Vita ya Mjerumani ilikukuta? Wakati wa karanga ulikuwa umeshaolewa? Kimbunga kilikukuta na watoto wangapi?

Kazi ile ilinifundisha nisianze na hadithi kubwa. Kwenye hadithi kubwa kila mtu anataka awemo. Anza na watoto, maana tumbo lina mipaka yake, halitii chumvi.

Kwa hiyo lete haya: mtoto wa kwanza alizaliwa mwaka gani, na wa mwisho? Kuna waliokufa wachanga? (Hapa uliza wanawake, usimuulize mjomba.) Alichezwa unyago kabla ya tukio gani, akaolewa kabla ya lipi? Halafu kila alichokisimulia kigawe mafungu mawili, alichokiona kwa macho yake na alichosimuliwa na mama yake. Wazee wetu hawakudanganya, ila walikuwa wanasema "tulikimbia" hata kwa mbio zilizokimbiwa kabla hawajazaliwa, kwa sababu ni mbio za kwao.

Miaka ya kusini ninayoikumbuka bila kufungua daftari ni hii. Majimaji ilianza 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, ikaisha 1907 na njaa yake nyuma. Mapigano ya Nyangao na Mahiwa, kati ya Waingereza na Wajerumani, yalikuwa Oktoba 1917, siku nne, tarehe 15 hadi 18, na mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Rupia, pesa ya wakati wa Mjerumani, iliondoka, shilingi ikaingia, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mpango wa karanga ulianza 1947 kule Kongwa, ukaja Urambo na Nachingwea, Waingereza wakautupa 1951. Kimbunga cha Lindi ni 15 Aprili 1952, hicho hakina ubishi. Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walianza vita yao Septemba 1964, na baadaye Nachingwea ikawa kambi yao. Kuhamishwa vijijini ni kati ya 1973 na 1976, inategemea lori lilifika kwenu lini.

Umeona? Mama yako tumeshampata: Machi au Aprili 1952. Bibi hakuwa mtu wa kubahatisha.

---

Binti Newala

Pole ndugu yangu. Usichukie nitakayosema.

Bibi yangu naye "alibebwa" Mahiwa. Bibi wa jirani yetu pia. Ukiwajumlisha wote waliobebwa, ile vita ilikuwa na watoto wachanga wengi kuliko askari. Watu walikimbia kweli, porini kulikuwa na njaa, wanaume walikamatwa kuwa wapagazi, hilo silibishi. Ila nakuomba umtafute mtu mmoja aliye hai umuulize: nani hasa alikuwa mgongoni? Nina wasiwasi alikuwa mtoto mwingine.

Na hiyo hela ya tundu msiiegemee. Senti kumi za Mwingereza nazo zilikuwa na tundu katikati. Kama mnayo, tazameni maandishi. Ya Mjerumani imeandikwa Deutsch Ostafrika, ya Mwingereza ina jina la mfalme.

---

Mjukuu wa Ndanda

Asanteni sana. Mwalimu, umenipa kazi na nimeifanya.

Hela hatuna. Ilipotea zamani, labda kwenye lori lile lile lililobeba mlango.

Watoto: mjomba mkubwa ana cheti cha ubatizo cha 1944, alibatizwa mchanga. Mama 1952 kama ulivyosema. Wa mwisho ni mama mdogo, 1964, miezi michache baada ya Muungano, naye ana cheti. Wote waliokua ni saba.

Hapo kwenye "waliokufa wachanga" nilikwama, maana bibi hakuwahi kutuambia. Mama naye hakujua. Nikakumbuka mikorosho. Kwenye mahame yetu, kule walikotolewa wakati wa kuhamishwa, bibi alipanda mkorosho kwa kila mtoto aliyemzaa, mstari mmoja kufuata njia ya kisimani. Kila msimu wa korosho mtu anaokota chini ya mti wake, na ugomvi wa mjomba na mama juu ya mpaka wa matawi naufahamu tangu niko mdogo. Nikampigia binamu yangu aliyeko kule aende akahesabu mashina. Tisa! Miwili ya mwanzo, upande wa kisima, haina mwenyewe. Siku zote tulisema ni "ya wageni", tunaiokota yeyote.

Nikampigia mama mkubwa. Akanyamaza, kisha akasema, "Nani kakwambia?" Wawili, wa kike na wa kiume, kabla ya mjomba. Bibi alimwambia yeye peke yake, siku mama mkubwa alipofiwa na wa kwake.

Kuna jingine. Bibi ana mdogo wake wa mwisho, yupo Tunduru, masikio yamepungua lakini kichwa kizima. Tuliongea kwa simu mjukuu wake akiwa anamrudishia maneno sikioni. Nikamuuliza swali la Binti Newala kama lilivyo. Akacheka. Akasema aliyebebwa Mahiwa ni kaka yao, sasa ni marehemu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anasimama dede. "Dada yako huyo," (ananiita mume, kwa hiyo bibi yangu anamwita dada yangu, msijali) "yeye alikuwa bado. Yeye ni wa mwaka jua lilipokufa jioni. Mama alikuwa na mimba yake kubwa, akafungiwa ndani asitoke, mama mkwe kakaa mlangoni."

Nikauliza jua lilikufaje. Akasema yeye hakuwapo, aliambiwa tu kwamba lilikuwa linakwenda kuzama, likafa kabla halijazama, kuku wakapanda, watu wakapiga vinu na mchi, likafufuka kidogo ndipo likazama kama kawaida.

Hii nimeiweka hapa kwa sababu mwalimu alisema tulete kila kitu. Mimi sijui niifanyie nini.

---

Nyota za Kusini

Mkuu, nimesoma mara mbili nikasimama.

Hilo jua lina tarehe. Ni tarehe 29 Mei 1919. Ni kupatwa kwa jua kunakojulikana duniani pengine kuliko kwingine kote, kwa sababu Waingereza walituma wanasayansi, kundi moja kisiwa cha Príncipe na jingine Sobral nchini Brazil, kupima kama mwanga wa nyota unapinda karibu na jua kama Einstein alivyosema. Kivuli kilianzia Amerika ya Kusini, kikavuka Atlantiki, kikapita Kongo, kaskazini ya Zambia, ncha ya Malawi, kikaingia kusini mwa Tanganyika na kuishia upande wa kaskazini mwa Msumbiji. Na huku kwetu kilifika jua likiwa linaelekea kuzama. Aliyekuwa ndani ya njia aliona giza kabisa. Aliyekuwa pembeni kidogo aliona jua limemegwa likabaki ukucha.

Sidai kwamba kijiji chenu kilikuwa katikati ya njia. Lakini kwa Ndanda, Masasi, Tunduru, lilionekana, na lilionekana jioni.

Kwa hiyo kama mama yake alikuwa na mimba "kubwa" tarehe hiyo, bibi alizaliwa kati ya Juni 1919 na, tuseme, Septemba au Oktoba mwaka huohuo. Hata ingekuwa mimba changa kabisa, haivuki Februari 1920.

---

Binti Newala

Mnanijua, sipendi kuamini haraka. Mjamzito na kupatwa kwa jua ni hadithi inayopendwa, mtoto yeyote akitoka na alama mwilini anapewa jua.

Ila hiyo "jioni" imenishika. Mtu anayetunga angeliua jua saa sita mchana, utosini, ndiyo inanoga. Nani atunge jua linalokufa likiwa tayari linazama? Hiyo ni ya mtu aliyeona.

Na bibi mdogo wako asingekuwa na sababu ya kumwondoa dada yake kwenye vita na kumpa kaka. Nimeshindwa, nasema 1919.

---

Mwalimu Mstaafu

Ngoja tupime kwa tumbo kabla hatujashangilia.

Tukichukua 1914 ya mjomba, bibi alizaa mwanawe wa mwisho 1964 akiwa na miaka 50. Sikatai miujiza, lakini sitaiandika kwenye saruji.

Tukichukua 1926, mjomba alizaliwa mama yake akiwa na miaka 18. Ingekuwa sawa kama ndiye wa kwanza. Lakini ni wa tatu, mikorosho imesema. Wawili wa kabla yake, kwa nafasi ya kawaida ya miaka miwili au mitatu, wanatupeleka 1938 hadi 1940. Mama wa miaka 12 au 14! Hapana. Na 1931 ya hospitali hata tusiipotezee wino.

Sasa 1919. Wa kwanza akiwa na miaka 19 hadi 21, mjomba akiwa na 24 au 25, mama yako akiwa na 32, wa mwisho akiwa na 44 au 45. Huyo wa mwisho amechelewa, ila wapo wengi wa namna hiyo, tena huitwa majina ya kuonyesha kwamba hakutarajiwa. Mama mdogo wako anaitwa nani? (Usitaje hapa, jichekee mwenyewe.)

Na hela ya tundu nayo imekaa mahali pake. Binti wa 1919 anapopata akili, pesa ya Mjerumani imeshakufa, imebaki ya kuvaa watoto shingoni. Vita ya Mahiwa alisimuliwa na mama yake na kaka yake kila jioni, akaibeba badala ya kubebwa nayo.

Bibi yako ameishi miaka 105. Amezaliwa nchi ikiwa mikononi mwa Waingereza walioiteka vitani, haijapewa hata jina la Tanganyika. Uhuru ulimkuta ana miaka 42 na mtoto wa mwisho bado hajazaliwa. Mwambie mjomba hajapungukiwa kitu.

---

Msaidizi wa Sheria

Poleni sana wafiwa. Mmefanya kazi nzuri, ila nawakumbusha mambo mawili kabla hamjavuruga karatasi.

Kifo kinatakiwa kiandikishwe ndani ya siku 30. Kama hamjafanya, nendeni, mtalipia ucheleweshaji lakini mtapata cheti. Na kwenye fomu jazeni kama kilivyo kitambulisho, yaani 1926, jina herufi kwa herufi. Msiandike 1919 ya jua. Mkifika mahakama ya mwanzo kufungua mirathi ya hayo mashamba ya mikorosho, na muhtasari wa kikao cha ukoo mkononi, karani akikuta cheti cha kifo kinasema hivi na kitambulisho kinasema vile, mtarudishwa nyumbani kutafuta viapo. Nimeona familia zikizunguka mwaka mzima kwa herufi moja ya jina.

Kaburi si kielelezo cha mahakama. Pale andikeni mnachokiamini.

---

Mjukuu wa Ndanda

Wakuu, nawashukuru kutoka moyoni. Cheti tulishachukua, kwa 1926, kwa hiyo hapo tuko salama. Kaka wa Temeke, umepata haki yako.

Jana tulikaa kikao kwa simu na waliopo nyumbani. Nilisoma hesabu ya mwalimu mstari kwa mstari. Mjomba alisikiliza mpaka kwenye mikorosho. Hakuwa anajua kwamba yeye ni wa tatu. Miaka yote themanini na moja amekuwa mkubwa wa nyumba, anakaa kiti cha mkubwa, anagawa nyama kama mkubwa. Akauliza mama mkubwa, "Walikuwa na majina?" Wana majina. Mama mkubwa akayataja kwenye simu, na upande wa nyumbani kukawa na kelele za wanawake kwa muda.

Mjomba ameamua majina hayo mawili yaandikwe pia, chini ya la bibi, kwa herufi ndogo. Na mikorosho ya wageni isiitwe tena hivyo. Korosho zake za msimu ujao zitauzwa kwenye chama cha msingi kama nyingine, na fedha itakayopatikana itamalizia malipo ya fundi.

Mwaka tumekubaliana 1919. Vita ameikubali kwa shingo upande. Alichoomba ni kwamba kwenye kijitabu cha wasifu nisiandike "hakuwapo Mahiwa", niandike "alizaliwa baada tu ya vita ya Mahiwa". Nimemkubalia, maana si uongo, na Mahiwa inabaki kwenye ukurasa wa kwanza anakotaka iwe.

Wasifu wenyewe ndio naandika sasa. Mlango nimeupa ukurasa mzima. Reli nayo, na hapa naomba: mwenye picha ya zamani ya gari moshi la Nachingwea, hata iliyofifia, anitumie ndani. Nataka vitukuu waone kitu alichokuwa anakipigia viganja.

Mwalimu, moja la mwisho. Mjomba amenipigia tena asubuhi hii, sauti ya chini, mkewe asisikie. Anauliza kama ile 1944 yake nayo tuna uhakika nayo. Anasema anakumbuka mambo ya kabla ya hapo. Nimempa namba ya sanduku lako humu, jiandae.